Ucheshi wa Frederick Douglass

Ndugu, umeuliza iwapo Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwani na kuwa mhutubu mashuhuri wa kupinga utumwa katika karne ya 19, ambaye karibu picha zake zote zinamwonyesha amekunja uso, aliwahi kucheka. Alicheka, tena alichekesha. Katika hotuba zake za miaka ya 1840 alikuwa akimwigiza mhubiri Mzungu wa kusini mwa Marekani, akiwaeleza watumwa kwamba mikono yao iliyoota sugu ni ushahidi kuwa Mungu aliwaumbia kazi, ilhali vidole laini vya mabwana wao viliumbwa kwa ajili ya watu wa kufikiri. Nao wasikilizaji walivunjika mbavu.

Mwaka 1884 alimwoa Helen Pitts, mwanamke Mzungu, akalaumiwa na Weusi na Wazungu pia. Inasimuliwa kwamba aliwajibu kuwa mke wa kwanza alikuwa na rangi ya mama yake, na wa pili ana rangi ya baba yake. (Utani huo una makali: Douglass hakujua kwa hakika baba yake huyo Mzungu alikuwa nani.)

Nyumbani kwake Cedar Hill, jijini Washington, alipiga fidla, kipaji alichokirithi mjukuu wake Joseph, na nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda kidogo cha mawe, alichokipa jina lenye maana ya mahali pa kunguruma, ambako alijitenga kusoma na kuandika.