Muulize Fundi: Kompresa ikiwaka taa zinafifia, niweke breka kubwa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, gereji ya nyumbani nimeigeuza karakana, nina msumeno wa meza, kompresa ya hospawa 2 na mashine ndogo ya kuchomelea. Umeme nauvuta kwa eksitensheni kutoka soketi ya jikoni. Kompresa ikianza taa za sebuleni zinafifia, breka ya ampia 20 inaruka, na juzi plagi imeyeyuka upande mmoja. Jirani anasema nitoe hiyo breka niweke ya 32 yataisha. Nifanye hivyo au niombe fezi tatu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Breka usiiguse, na hiyo eksitensheni ichomoe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Breka haipo pale kulinda kompresa, inalinda waya uliopita darini, na soketi za nyumba zetu nyingi zimevutwa waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba), sasa ukiweka ya 32 waya utachemka na breka inaangalia tu. Niliwahi kufungua dari moja nikakuta plastiki ya waya imekauka, inapukutika vidoleni kama maganda ya karanga, na chini yake ndo kitanda cha watoto. Sijaisahau ile dari mpaka leo.

Mota ya hospawa 2 ikishazunguka inakula ampia 9 au 10 hivi, shida ni pale inapoanza, inavuta hata mara tano ya hapo, na mguu wa plagi ukiwa umelegea kwenye soketi joto lote linakaa hapohapo.

Karakana ivutiwe njia yake yenyewe kutoka mein swichi. Umbali uangalie sana, maana kwa mita 25 ukivuta ampia 20 waya wa 2.5 unapoteza kama volti 9 njiani, wa 6 haufiki 4. Kwa hiyo waya wa shaba wa 6, hapo ndo breka ya 32 inakaa kwa haki, uingie kwenye boksi dogo la breka ndani ya gereji. Breka za mota ziwe aina C, zinavumilia ule mvuto wa kuanza, soketi zipitie RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30 na eathi ipimwe kwa kifaa, siyo kwa macho. Taa za karakana zipe breka yake peke yake, nakusihi, msumeno ukirusha breka usije ukabaki gizani na bledi bado inazunguka karibu na vidole.

Fezi tatu bado huihitaji, labda ununue randa kubwa. Ila taa zikiendelea kufifia baada ya kazi hii waite TANESCO wakague maungio ya nguzoni na kwenye mita.

Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwombe akuonyeshe. Mpaka amalize, kata mbao kwa msumeno wa mkono.