Jibu langu linaanzia kisimani

Mhariri, juma hili umeuliza madoa ya maji kwenye vioo vya gari yanatolewa vipi, na kioo kinalindwaje. Mimi ni dereva wa Probox, Lanet hapa Nakuru, na jibu langu linaanzia kisimani.

Maji yetu mengi ni ya visima virefu. Yamepita kwenye miamba ya volkano yakabeba magadi, chokaa na silika (madini yaliyo kwenye mchanga), mbali na ile floraidi iliyotutia rangi ya kahawia menoni. Gari likioshwa saa saba mchana na kuachwa likaukie juani, maji yanageuka mvuke, madini hayo yanabaki. Mchana huyaoni. Ngoja usiku ukirudi kutoka Gilgil, lori likuwashie taa kubwa: kioo chote kinajaa vidoti vyeupe, hata mstari wa barabara unapotea.

Doa changa halishindi siki. Nachanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nalowesha kitambaa na kukibandika kiooni dakika tano, gari likiwa kivulini na kioo kimepoa. Kisha nafuta na kusuuza haraka, maana siki si rafiki wa rangi ya gari. (Chupa niliitoa jikoni bila ruhusa. Kesi hiyo bado inaendelea.)

Ukipitisha ukucha na bado unakwama kwenye vijipele, hiyo mara nyingi ni silika. Siki haiiwezi hata umwage lita nzima. Tafuta unga laini wa kung'arishia vioo, ule wa seriamu oksaidi, usugue polepole kwa pedi yenye unyevu. Mimi niliharakisha nikatumia waya wa kusugulia sufuria. Dirisha la abiria lina mikwaruzo mpaka leo.

Kioo kikishatakata, kipake dawa ya kufukuza maji. Matone yatateleza yenyewe ukiwa mwendoni, ingawa kioo cha mbele waipa huimaliza mapema. Ila usidanganyike: tone likikaukia juu ya dawa hiyo, linaacha alama vilevile. Kinga hasa ni kukausha, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua, ambayo karibu hayana hizo chumvichumvi.

Vijana wa kuosha magari wamenizoea sasa. Nikifika nashuka na taulo begani na mtungi wa lita tano uliokingwa mabatini, nao wanaanza kucheka kabla sijafunga mlango.