Msiilaumu kamera

Wadogo zangu mnaoanza kuandika skripti, wengi wenu kazi ikidorora mnaniletea sababu ileile: bajeti ndogo, kamera mbovu. Hebu itazameni kwanza "The Whole Truth", sehemu moja ya The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni wa Marekani wa visa vya ajabu, iliyorushwa na kituo cha CBS Januari 20, 1961, siku ileile aliyoapishwa Rais Kennedy.

Hunnicut anauza magari ya mitumba, mdomo wake asali tupu. Mzee mmoja anamwuzia gari kuukuu na kumtonya kuwa lina pepo: anayelimiliki hawezi kusema uongo. Basi mteja akiuliza, jamaa anajikuta anayaponda magari yake mwenyewe. Anampigia mkewe kumwambia atachelewa kazini, ulimi unakataa: anakwenda kucheza karata. Hapo unacheka. Mara ya pili unatabasamu. Mara ya tatu unaangalia saa.

Na aliyeandika ni Rod Serling, mwasisi wa mfululizo wenyewe! Msimu ule sehemu sita zilirekodiwa kwa kanda za video badala ya filamu ili kubana matumizi, kwa hiyo yadi ya magari ilijengwa ndani ya studio, na inajionyesha. Watu hulaumu kanda. Lakini "The Night of the Meek" ya Desemba 1960, ya yule mlevi aliyevaa nguo za Santa Claus, ilirekodiwa hivyohivyo, na mimi kila nikiitazama hutafuta leso.

Mlevi yule ana kiu ya kitu kikubwa kuliko chupa. Hunnicut anataka tu kuliondoa gari. Asipoliondoa, atakula hasara, basi. Sharti la pepo limetajwa mapema na halimkabi koo. Mwishowe gari linauzwa kwa Wasovieti ili limfikie kiongozi wao, Khrushchev, kichekesho cha magazeti ya siku zile, sasa kimechacha.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Katika mchezo wangu wa kwanza wa redio, mganga alimweleza mvuvi masharti ya hirizi ukurasa wa 2: asivuke maji usiku. Mtayarishaji alinirudishia karatasi, pembeni ameandika: "Sasa nibaki kusikiliza nini?" Nikamhamishia mganga ukurasa wa 9. Ikarudi tena. Ilikubaliwa siku nilipomlaza mtoto wa mvuvi, anaumwa, ng'ambo ya kivuko, saa tano usiku.