Kichagua saa: anza na dakika, rangi baadaye

Kazi nyingi za kurekebisha kichagua saa (kidhibiti cha kuweka saa kwenye programu ya simu) nilizopewa zilianza na ombi moja: kibadilishwe rangi kifanane na programu. Ni ombi halali, tena jepesi. Ila mtumiaji anayehangaika kuweka saa 14:30 hasumbuliwi na rangi. Anasumbuka kwa sababu amepewa dakika sitini za kuchagua, wakati huduma yenyewe huanza kila baada ya nusu saa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo huuliza kwanza: mtu huyu anachagua wakati wa namna gani? Saa ya kengele anayo tayari kichwani. Anataka kuiandika aendelee na mambo yake. Saa ya miadi haijui mpaka aone zipi zimebaki. Halafu kuna muda, yaani jambo litachukua saa na dakika ngapi, ambao si saa ya siku hata kidogo. Programu nyingi huvipa vyote vitatu kidhibiti kilekile.

Miadi ndiyo huumia zaidi. Kama siku ina nafasi nane, achana na kichagua saa kabisa, weka vitufe vinane. Sijaona bado gurudumu la kuzungusha namba lililoshinda orodha fupi ya nafasi zilizo wazi. Zikiwa nyingi, zipange kwa asubuhi, mchana na jioni. Kumwacha mtu azungushe mpaka afike anapotaka, kisha umtolee maandishi mekundu kwamba nafasi imeshachukuliwa, ni kumchosha bure.

Ukibaki na kichagua saa, shughulikia hatua ya dakika, yaani dakika ziruke ngapi ngapi. Kwenye iOS, kichagua saa cha mfumo, UIDatePicker, kina mpangilio wa minuteInterval, nayo lazima iigawe 60 bila baki, mwisho 30. Ukiweka 7 haitalalamika, itarudi tu kwenye dakika moja moja, na utakaa ukijiuliza mbona hakuna kilichobadilika. Flutter, zana ya Google ya kutengeneza programu, ni kali zaidi: CupertinoDatePicker yake ikipewa hatua ya 15 huku saa ya kuanzia ni 10:07, wakati wa kutengeneza programu itakutupia kosa papo hapo. Sawazisha saa ya kuanzia kwanza, na uisawazishe kwenda juu. Ukiishusha, 10:07 inakuwa 10:00, saa ambayo imeshapita. Kumbuka pia kwamba 23:50 ikipandishwa inaangukia kesho, hivyo tarehe nayo lazima isogee.

Android ndiko kwenye kazi. TimePicker ya mfumo haina mpangilio wa hatua ya dakika, na MaterialTimePicker, ile ya maktaba ya Material ya Google, pia haina. Mtandaoni utakutana na msimbo unaopenya ndani ya kidhibiti, unatafuta sehemu ya dakika kwa jina lake la siri na kubadilisha thamani zake. Usiufuate. Majina hayo ya ndani hakuna aliyekuahidi kwamba yatabaki, na siku yakibadilika lawama ni zako. Ni salama zaidi kuweka NumberPicker (gurudumu la kuchagua namba) mbili, moja ya saa na moja ya dakika, kisha ya dakika uipe maneno yako kwa setDisplayedValues: 00, 15, 30, 45. Angalia tu kwamba idadi ya maneno inalingana na idadi ya thamani kuanzia ya chini hadi ya juu, zote mbili zikihesabiwa. Na usisahau kuzidisha kwa 15 unaposoma jibu, maana kidhibiti kitakurudishia 0 hadi 3.

Mfumo wa saa 12 au 24 usiuamue wewe. Mwenye simu alishauchagua kwenye mipangilio yake. MaterialTimePicker usipoiambia kitu hufungua saa 12, kwa hiyo soma DateFormat.is24HourFormat kisha uipe jibu hilo. Kulazimisha saa 12 kunaleta balaa la 12:00 AM, ambayo ni usiku wa manane lakini wapo wengi wanaoisoma kama adhuhuri.

Kwa kengele na kazi kama hizo, mimi huanzisha kidhibiti kikiwa tayari kwenye hali ya kuandika tarakimu: INPUT_MODE_KEYBOARD kwa MaterialTimePicker, TimePickerEntryMode.input kwa Flutter. Uso wa saa wa mviringo unapendeza kwenye picha za maonyesho, lakini mtu ambaye mkono wake unatetemeka atapata tabu kusimamisha mshale kwenye dakika ya 37. Uwepo, ila usiwe mlango wa kwanza.

Sasa rangi, kwa kifupi. Flutter ina TimePickerThemeData inayogusa karibu kila kitu. Kwenye iOS tumia tintColor. Rangi ya maandishi ya gurudumu haina njia rasmi, iache. Chochote utakachobadilisha, hakikisha maandishi yanatofautiana na mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1, na ukague hali ya giza pia. Sehemu za kugusa zisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kwenye Android na pointi 44 kwenye iOS.

Kuna programu zinazokataa zamu ya kuanzia 22:00 hadi 06:00 kwa madai kwamba mwisho umetangulia mwanzo. Dunia nzima ina watu wanaofanya kazi usiku! Ikubali, kisha andika kando yake "siku inayofuata" ili mtu aone kwamba ameeleweka.

Halafu swali la kuhifadhi, ambalo hutegemea tena aina ya wakati. Kengele ya 06:30 ihifadhiwe kama 06:30 ya mahali simu ilipo, kwa sababu mtu akisafiri bado anataka kuamka 06:30. Mkutano uhifadhiwe pamoja na jina la kanda yake ya saa, kwa mfano Europe/London, wala si tofauti yake na saa ya dunia (UTC) peke yake, kwa kuwa London hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Ukiweka "+01:00" wakati wa kiangazi, mkutano huohuo wa kila wiki utasogea saa nzima majira ya baridi yakiingia. Na kwenye skrini ya kuthibitisha, andika kanda hiyo kila inapotofautiana na ya simu ya mtumiaji.