Maswali ya Wadau: Nani Anachagua Gemu za Kupigana kwenye Mashindano Makubwa?

Safari hii meseji zenu nyingi zilikuwa za ngumi, kwahiyo mambo ya FIFA tunayaweka pembeni kidogo, watu wa mpira mtusamehe.

SWALI: Kaka mambo vipi, mi nipo Mbagala, hapa bandani kwetu tunacheza Tekken na Mortal Kombat toka enzi za PS2. Swali langu, hayo mashindano makubwa ya gemu za kupigana kama Evo ya Marekani nani anakaa kuchagua gemu zipi ziingie? Maana mwaka huu unaiona ipo, mwaka unaofuata haipo. Kuna kura inapigwa au jamaa wanajipangia tu? – Mdau wa Mbagala

JIBU: Poa sana mdogo wangu. Kura kwa kawaida hamna, waandaaji wenyewe ndo wanakaa chini wanapanga alafu wanatangaza orodha miezi kadhaa kabla. Hii Evo ilianza 1996 kule California ikiitwa Battle by the Bay, watu kama 40 hivi na Street Fighter mbili tu, jina la Evo likaja 2002, sasa kipindi kile kuchagua ilikuwa rahisi, mnacheza kile mnachokipenda basi. Saivi kuna maelfu ya watu, ukumbi wa kulipia, siku tatu tu za kumaliza kila kitu, na kila gemu unayoiongeza inataka TV zake, waamuzi wake na muda wake jukwaani, kwahiyo ukiingiza moja ujue kuna nyingine inakaa nje.

Kitu cha kwanza wanachoangalia ni watu. Gemu ikiitwa watakuja wangapi na wangapi watakaa kuangalia laivu? Street Fighter 6 ilivyotoka 2023 ikavuta zaidi ya watu 7,000 Evo ya mwaka huohuo, hiyo huwezi kuiacha hata ukiwa umelewa. Dragon Ball FighterZ nayo ilitoka Januari 2018, mwezi wa nane ikawa ndo yenye wachezaji wengi kuliko zote pale. Mwaka huohuo Marvel vs. Capcom: Infinite, yenye jina kubwa, haina hata mwaka sokoni, ikaachwa nje kwasababu wachezaji wenyewe walikuwa wameshaikimbia. Kwahiyo jina peke yake halitoshi na upya peke yake hautoshi.

Kuhusu kura, ipo ya 2013 ambayo watu wanaikumbuka mpaka leo, ila ilikuwa kura ya hela. Walibakiza nafasi moja wakasema gemu itakayochangiwa zaidi ndo inaingia, michango inaenda kwenye utafiti wa saratani ya matiti. Super Smash Bros. Melee, gemu ya 2001 hiyo, mashabiki wake wakachanga zaidi ya dola 94,000 wakaibeba. Mi naona ile ndo njia safi kuliko zote maana anayepiga kelele analazimika kutoa mfukoni hahaha.

SWALI: Samahani kaka, naomba unieleweshe hiyo Smash, mbona ilikuwa inajaza watu alafu ghafla imepotea Evo? Mdogo wangu wa kiume anasema walifukuzwa kwa fujo. – Dada wa Sinza

JIBU: Dada, mdogo wako kakudanganya. Hapa ndo kwenye utamu wenyewe na ndo kitu ambacho wachezaji wengi hawataki kukisikia: gemu ni mali ya mtu. Mpira wa miguu hauna mwenyewe, mnaweza kufunga magoli ya mawe hapo Jangwani mkaandaa kombe lenu na hakuna atakayekuja kuwadai, lakini Street Fighter ni ya Capcom, Tekken ni ya Bandai Namco, Smash ni ya Nintendo, na mwenye mali akisema hapana imeisha hiyo, hata kama mmejaa uwanja mzima.

Ile 2013 niliyoisema juu, watu wameshachanga, Melee imeshaingia, Nintendo wakataka kuzuia isirushwe laivu! Kelele zilizopigwa mtandaoni si za kawaida, wakarudi nyuma siku hiyohiyo. 2019 pale Evo, Smash Ultimate, toleo jipya la Smash, ikawa na karibu watu 3,500, hakuna gemu iliyoifikia mwaka ule. Alafu 2021 Evo ikanunuliwa na Sony pamoja na kampuni inaitwa RTS, na Sony na Nintendo si unajua tena ni wapinzani wa siku nyingi. 2022 Nintendo wakatangaza Smash haitokuwepo Evo, na toka hapo haijarudi kwenye orodha kuu. Kilichosemwa ndani ya vikao siwezi kukisimulia ila hesabu ya kujumlisha unaijua mwenyewe. 2023 Nintendo wakatoa masharti ya mashindano ya watu wa kawaida, mwisho watu 200 ukumbini kama huna leseni maalumu. Sasa 200 na 3,500 wapi na wapi.

Na mwenye mali anaweza pia kusukuma upande wa pili, ili gemu iingie. Esports World Cup ya Riyadh 2025 ilikuwa na Fatal Fury: City of the Wolves, gemu iliyotoka Aprili mwaka huohuo. Kampuni yake ni SNK ya Japani, na SNK inamilikiwa na taasisi ya MiSK ya Saudia, na mashindano yenyewe ni hela ya Saudia. Sisemi gemu ni mbaya, ni tamu tu, ila usiniambie ilishindana na wenzake kwa idadi ya wachezaji.

SWALI: Mzee kwanini hawaweki gemu za zamani? Mi nina Tekken 3 hapa Temeke natafuta mtu wa kunipiga simpati.

JIBU: Hao unaowapiga hapo Temeke wote? Haya bwana. Za zamani zinawekwa, 2024 Street Fighter III: 3rd Strike ya 1999 ilikuwepo kwenye orodha kuu ya Evo, 2025 ikaja Marvel vs. Capcom 2. Ila angalia, zote mbili Capcom alishazitoa upya kwa mashine za sasa, na hapo ndo tofauti ilipo, maana mwandaaji hawezi kuzunguka dunia anatafuta PS1 na TV za chogo mia moja. Kingine, hamuhesabiki! Wanaopanga wanaona waliojisajili na waliocheza mtandaoni, nyie mnaopigana bandani kwa jero bila intaneti hakuna anayejua mpo. Arslan Ash, mchezaji wa Tekken wa Pakistani, alitoka kwenye mazingira ya namna hiyo, watu hawamjui kabisa, 2019 akachukua Evo Japan na Evo ya Las Vegas zote mbili.

SWALI: Bro nataka kuandaa shindano la watu 32 hapa Kigamboni, kiingilio buku mbili, niweke gemu gani?

JIBU: Weka inayochezwa hapo mtaani sasa hivi, achana na unayoipenda wewe. Pita mabanda matatu manne jioni, angalia kwenye TV kuna nini. Alafu piga hesabu ya muda: watu 32 kwa mtindo wa kutolewa ukipoteza mara mbili ni mechi 62 au 63. Tekken 8 mechi ya kushinda gemu mbili weka dakika sita saba, kwa TV moja ni masaa zaidi ya sita na watu wameshakimbia, kwa TV tatu unamaliza ndani ya masaa mawili na nusu hivi. Usiweke gemu mbili kwenye shindano la kwanza. Pedi kila mtu aje na yake, wewe uwe na mbili za akiba, na anza saa nane kweli sio saa nane ya kibongo, wanaotoka Mbagala na Gongo la Mboto wana usafiri wa kuwahi.