Valletta kwa miguu: majibu ya maswali yenu kuhusu Malta

*Viza ya Malta ni ipi, na niombe lini? (Msomaji, Nairobi)*

Ni ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Ya muda mfupi hukupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, nami nakusihi usingoje siku za mwisho. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

*Nikodi gari? (Msomaji, Mombasa)*

Kama utalala Valletta, mji mkuu, acha. Mji mzima unamalizika kwa miguu, na maegesho ni shida tupu. Mabasi ni tele nje ya lango la mji, pale kwenye chemchemi ya Triton. Huko wanaendesha kushoto kama kwetu, kwani Waingereza waliwatawala hadi 1964. Hata plagi ni ile ile ya meno matatu, basi chaja yako haihitaji adapta.

*Nina miaka 68 na magoti yananisumbua. Nasikia mji ni ngazi tupu. Nitauweza? (Mama, Tanga)*

Shikamoo mama. Ngazi zipo nyingi kweli, lakini utauweza. Ukishuka kwenye feri itokayo Miji Mitatu, ile miji midogo ng'ambo ya bandari, usipande kilima kwa miguu: ipo lifti ya mita 58 inayokufikisha bustani ya Upper Barrakka. Fika kabla ya saa sita mchana, tafuta benchi kivulini, usikie mzinga ukipigwa huku bandari yote iko chini yako. Vaa viatu bapa vya soli ya mpira, maana mawe yale yamelainishwa na nyayo za karne nyingi, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni.

Viatu hivyo vitakufaa pia katika kanisa kuu la Mt. Yohana. Sakafu yake ni makaburi ya marumaru ya wapiganaji wa zamani wa shirika la kidini la Mt. Yohana, hivyo visigino vyembamba ni marufuku. Mabega nayo yafunikwe. Humo umo mchoro wa Caravaggio wa 1608, Yohana Mbatizaji akichinjwa. Sogea utazame damu iliyomwagika chini: mchoraji ametia sahihi yake ndani ya damu hiyo. Simama hapo kwa muda, mama, usikimbizwe na kundi.

*Vitafunio vyao Mwislamu anaweza kula? (Msomaji, Muscat)*

Pastizzi, zenye jibini au njegere, ni tamu na bei rahisi. Ila uliza kwanza mafuta ya unga wake, kwani baadhi hutumia ya nguruwe.

*Kiingereza kitatosha? (Msomaji, Dodoma)*

Kinatosha, ni lugha rasmi. Lakini tega sikio kwa Kimalta, ndugu ya Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Sokoni nilisikia mtu akihesabu "sitta, sebgħa", nikageuka nikidhani ni mtu wa pwani. Saa ni "siegħa", kitabu ni "ktieb". Na maji yale ya buluu yanayouzunguka mji wanayaita "baħar".