Usiitundike imani yako kwenye nadharia ya sayansi

Nafundisha fizikia sekondari, na Jumapili naimba kwaya. Wanafunzi wanayajua yote mawili, ndiyo maana tukifika mada ya astronomia swali halikosi: "Mwalimu, wewe unaamini Mlipuko Mkuu au unaamini Mungu?" Mlipuko Mkuu ni nadharia kwamba ulimwengu ulianza ukiwa umebanana na wenye joto kali, kisha ukatanuka.

Wazazi na walezi wa vijana kanisani nao huniuliza wajibu nini. Wengi huogopa pale sayansi inapoonekana kupingana na imani. Mimi naogopa zaidi pale inapoonekana kuiunga mkono, maana hapo ndipo ujumbe unaposambaa kwenye makundi ya WhatsApp: "Wanasayansi wamethibitisha uumbaji!" Tafadhali, usiusambaze.

Hilo nimejifunza kwa padre. Georges Lemaître wa Ubelgiji alipata upadre mwaka 1923, na mwaka 1927, akifundisha chuo kikuu cha Leuven, akachapisha hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein alizikubali hesabu, akaikataa picha iliyotokana nazo. Mwaka 1931 Lemaître akaenda mbali zaidi: kama ulimwengu unatanuka, basi ukirudi nyuma vya kutosha utakuta kila kitu kimebanana pamoja. Hiyo ndiyo mbegu ya Mlipuko Mkuu.

Novemba 1951 Papa Pius XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, alisema ni kama sayansi ya leo imeishuhudia ile "Iwe nuru" ya mwanzo. Ungedhani padre huyu angefurahi kuliko wote. Hakufurahi. Kwake nadharia ile ilikaa nje kabisa ya swali la dini: asiyeamini anabaki huru kutoamini, na mwenye imani inamzuia asijaribu kumzoea Mungu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, Papa alipozungumza na wanaastronomia waliokutana Roma, dai lile hakulirudia.

Na kumbuka, wakati ule nadharia yenyewe ilikuwa bado inapingwa na wanasayansi wakubwa, mwanaastronomia Mwingereza Fred Hoyle akiwa mmojawapo. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1965, wanasayansi Penzias na Wilson kule Marekani walipokuta antena yao inanasa mvumo wa redio kutoka kila upande wa anga, usiku na mchana: mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wa moto. Huwa nawaambia wanafunzi: zile chenga za televisheni ya zamani isiyoshika stesheni, sehemu yake ndogo ni mnururisho huohuo, uliosafiri karibu miaka bilioni 13.8. Darasa zima hunyamaza. Mimi hapo moyoni namsifu Mungu, lakini sifa zangu siziandiki ubaoni kama hatua ya hesabu.

Kwa hiyo kijana akikuuliza, mwambie kwenye mtihani aandike kile ushahidi unachoonyesha, wala asihisi amemsaliti Mungu. Akiuliza kabla ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na nini, mwambie ukweli kwamba fizikia haijafika huko. Usimweke Mungu kwenye pengo hilo. Siku likizibwa, kijana atadhani na Mungu ameondoka. Akitaka kujua kwa nini wewe unaamini, mweleze habari za maisha yako: nani alikufundisha kusali, ulishikwa na nini siku za msiba, kwa nini bado unaenda ibadani. Zile hesabu zikikushinda, mpeleke kwa mwalimu wake wa fizikia. Wengi wetu tunasali.